Kuku wa nyama wanaodorora kila msimu: kusoma umri, saa na mwezi ili kukipata chanzo

Tuchukue mfano. Vifaranga 500 wanaingia bandani Januari, na siku ya 38 wanabaki 480 wenye wastani wa kilo 2.1, wakiwa wamekula magunia 34 ya kilo 50. Mei, katika banda lile lile na vifaranga wa msambazaji yule yule, kundi linasota hadi siku ya 40 na kutoa kuku 468 wa kilo 1.9 kwa magunia 35. Ukiuliza Wakiso au Mukono, nchini Uganda, utajibiwa upesi: mvua. Ila kuku hao wote walikuwa chini ya bati na hakuna aliyeloa. Mvua iliwafikia kupitia vitu vingine: maganda ya kahawa ya kutandika sakafuni yaliyonyonya unyevu, pazia lililofungwa mchana kutwa, mahindi yaliyopukuchuliwa kabla ya kukauka, au mukene (dagaa wa kuchanganya kwenye chakula) walioanikwa ufukweni kwenye mchanga wenye maji. Kila kimojawapo huacha alama yake kwenye daftari, mradi daftari lipo.

Hesabu kabla ya dawa

Pima kuku wasiopungua 30 kila siku ya saba, asubuhi kabla ya kulisha, ukiwachukua pande zote za banda. Usiwachukue wa mlangoni tu, kwa sababu wanaokuja mlangoni ndio wenye nguvu. Andika pia chakula kilicholiwa, maji yaliyonywewa kwa madumu, na waliokufa pamoja na saa waliyokutwa. Hiyo saa ndiyo wafugaji huiruka, na ndiyo yenye kusema mengi.

Kwa mbegu za kuku wa nyama za Cobb 500 au Ross 308 katika banda la wazi na chakula cha unga, uzito wa kuridhisha ni kati ya gramu 160 na 190 siku ya 7, 420 hadi 480 siku ya 14, 800 hadi 950 siku ya 21, na 1,800 hadi 2,100 siku ya 35. Vitabu vya kampuni za mbegu vina namba za juu zaidi, lakini vinachukulia chakula cha chembe na hewa inayodhibitiwa.

Mwisho wa kundi piga hesabu moja: asilimia ya waliobaki hai mara wastani wa uzito kwa kilo, gawanya kwa umri wa kuuza mara kilo za chakula kwa kila kilo ya kuku, kisha zidisha kwa 100. Kundi la Januari hapo juu lilikula kilo 1.69 kwa kila kilo ya uzito, likapata 314. La Mei lilikula 1.97, likapata 226. Likishuka chini ya 250, lichunguze.

Sasa panga namba hizo kwa tarehe za kuingiza vifaranga, na ulinganishe kundi la Mei na la Mei ya mwaka jana. Kulilinganisha na la Januari hakutakuambia kama unaendelea au unarudi nyuma. Mstari ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, tatizo lako ni la msimu. Ukishuka kama ngazi, kila kundi chini ya lililotangulia hata miezi mizuri, kalenda haihusiki. Soma sehemu ya mwisho kwanza.

Kumbuka pia kwamba Uganda haina kalenda moja. Eneo la kati lina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Novemba, na kati yake Juni na Julai zenye usiku wa baridi. Gulu na Lira zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Aprili hadi Oktoba, kisha joto kali la Januari hadi Machi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi mwaka mzima. Ushauri uliomfaa jirani wa Mukono unaweza kuua kuku wa Lira.

Dalili: uzito wa siku ya 7 uko chini ya gramu 150

Kifaranga aliyeingia na gramu 40 anatakiwa awe amezidisha uzito huo mara nne au zaidi ifikapo siku ya 7. Pengo la wiki hii haliji kuzibwa. Wanaobaki nyuma hapa ndio watakaokuwa "wadogo" siku ya kuuza.

Anza na gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Saa 8 hadi 10 baada ya kuwaingiza, shika vifaranga 30. Angalau 24 kati yao wawe na gole lililojaa na laini kama uji mzito, na kesho yake karibu wote. Gole gumu maana yake wamekula bila maji: vyombo ni vichache au viko mbali. Gole lenye maji matupu: chakula hawajakiona. Gole tupu: wana baridi, au walichoka safarini.

Kisha weka miguu ya kifaranga shavuni mwako. Ikiwa ya baridi, sakafu ni ya baridi, hata kama kipimajoto ulichotundika ukutani kinasoma vizuri. Kipimo kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, na siku ya kwanza kisome nyuzi 32 hadi 34. Punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Makosa ya Juni na Julai, na ya usiku wa mvua, karibu yote ni haya: moto unawashwa vifaranga wakishafika, wakati sakafu ya saruji bado ni baridi. Washa saa 24 kabla, na matandiko yawe na kina cha sentimita 5 hadi 8.

Kosa la pili ni kinyume chake, na linaua zaidi. Mfugaji anaogopa baridi, anafunga maturubai pande zote, anaingiza majiko manne ya mkaa. Joto linapatikana lakini hewa haipo. Vifaranga wanalala lala na kuhema, wachache wanakutwa wamekufa asubuhi bila dalili yoyote, na wengine wanalipa deni hilo wakiwa na wiki nne kwa tumbo kujaa maji. Ukiingia bandani na macho yakakuwasha au kichwa kikauma ndani ya dakika chache, usitafute ugonjwa. Washia mkaa nje mpaka moshi uishe, ndipo uuingize. Acha uwazi wa kiganja kimoja juu ya pazia upande usiopigwa na upepo, usiku kucha.

Na pazia lenyewe: lishikizwe chini, lifunguliwe kutoka juu. Mapazia mengi yamefungwa juu na hukunjwa kutoka chini, hivyo kila ukitafuta hewa unawapulizia vifaranga upepo wa baridi moja kwa moja.

Kama joto, hewa, maji na chakula viko sawa na bado uzito uko chini, rudi kwa kifaranga. Mahitaji ya vifaranga yanapopanda kuelekea Krismasi, hata walio dhaifu hupata mnunuzi. Pima boksi zima siku ya kuwasili, toa uzito wa boksi, gawanya kwa idadi. Chini ya gramu 36, au vitovu visivyofunga, au zaidi ya asilimia 1 wamekufa ndani ya siku tatu za kwanza: andika, piga picha, mjulishe msambazaji siku hiyo hiyo. Ukimpigia wiki mbili baadaye hatakusikiliza, na ana haki.

Dalili: walikuwa vizuri, wakasimama kati ya siku ya 14 na ya 28

Wiki ya kwanza na ya pili namba nzuri, kisha mstari unalala. Masika na vuli hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote eneo la kati, na mshukiwa wa kwanza ni kuhara damu, yaani koksidiosi.

Vijidudu vyake vinahitaji unyevu, joto na hewa ili viive ndani ya matandiko kabla ya kuambukiza. Matandiko makavu huvichelewesha, yaliyolowa huviivisha ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana dawa ile ile iliyotosha Januari inashindwa Aprili.

Chota konzi ya matandiko katikati ya banda, ubane kwa nguvu, ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo kisha yakasambaratika, yako vizuri. Yasiposhikana kabisa ni vumbi, na vumbi lina matatizo yake. Rudia chini ya vyombo vya maji na kando ya kuta. Ukikuta donge chini ya vyombo tu, kosa si mvua. Chombo kiko chini mno: ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, na upandishwe kila siku ya tatu. Ukikuta donge kando ya ukuta, bati halijatokeza vya kutosha. Liongezwe hadi mita moja nje ya ukuta, na mfereji uchimbwe kuzunguka banda. Donge kila mahali ni hewa isiyotoka, kuku waliosongamana, au chumvi nyingi ndani ya chakula.

Pasua kuku wawili waliokufa ndani ya saa chache. Damu kwenye ile mifuko miwili ya mwisho wa utumbo inaonekana hata kwa asiye na uzoefu. Lakini aina nyingine za koksidiosi hazitoi damu. Utaona michirizi au madoa meupe sehemu ya juu ya utumbo, au utumbo uliovimba wenye ute wa rangi ya machungwa. Hizo haziui wengi, zinakula uzito kimya kimya, na nadhani ndizo hupoteza fedha nyingi zaidi kwa sababu hakuna anayezitafuta.

Tiba iwe amproliamu au toltrazurili kwa kipimo cha lebo, kwa maji ya kunywa. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja, hasa kwa toltrazurili, ambayo siku zake ni nyingi kuliko wanavyodhani wanaoitumia siku ya 30. Sambamba na dawa, toa matandiko yaliyolowa kwa beleshi na uweke makavu. Usiyageuze tu, utakuwa unaleta juu kilichozikwa. Dawa bila beleshi ni kuimwaga fedha.

Usichanganye na Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia umri huo huo. Gumboro hupiga ghafla: siku mbili kimya, kisha vifo vinapanda kwa siku tatu au nne na kushuka. Kuku wanaharisha majimaji meupe, manyoya yamesimama. Ukimpasua, kile kifuko kidogo kilicho juu ya tundu la haja kimevimba au kina damu, na misuli ya mapaja ina madoa ya damu iliyovilia. Haina dawa. Kama ulichanja na bado imekuja, chunguza maji ya chanjo: yalikuwa na klorini? Weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, uyaache dakika 20 ndipo utie chanjo. Kuku wawe na kiu ya saa moja hadi mbili, na wamalize ndani ya saa mbili. Chanjo iliyosafiri kwa boda boda bila barafu mchana wa Februari ni maji ya bei ghali.

Dalili: vifo baada ya siku ya 28

Hapa fungua safu ya saa.

Wanaokufa kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, wakubwa ndio wa kwanza, wamelala kifudifudi mabawa yamepanuka, gole limejaa: hilo ni joto. Gulu, Lira na Arua hili ni tatizo la Januari hadi Machi. Eneo la kati huja Februari, na pia siku za jua kali baada ya mvua, kwa kuwa hewa yenye unyevu humzuia kuku kupoza mwili kwa kuhema. Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha saa kumi jioni. Mwili hutoa joto jingi zaidi saa kadhaa baada ya kula, na hutaki saa hizo ziangukie mchana. Fidia kwa taa alfajiri na usiku.
2. Hesabu maji. Kuku 500 wa wiki ya tano hunywa karibu lita 150 kwa siku ya nyuzi 21, sawa na madumu manane ya lita 20. Ikifika nyuzi 32 wanahitaji karibu mara mbili, madumu kumi na manne au zaidi. Anayechota madumu manane mwaka mzima anawaua kwa kiu Februari. Yawe ya baridi. Tangi jeusi juani hutoa maji ambayo kuku hawayataki.
3. Paka bati chokaa nyeupe au litandike nyasi, na upunguze kuku hadi 8 kwa mita ya mraba badala ya 10 au 12.
4. Tembea taratibu katikati yao kila nusu saa wakati wa jua kali, wainuke na joto lililo chini yao litoke. Vitamini C na chumvichumvi za maji husaidia, lakini baada ya hayo yote, si badala yake.

Wanaokutwa wamekufa alfajiri, tumbo limejaa maji ya manjano na moyo umevimba upande wa kulia: huu ni ugonjwa wa baridi, mwinuko na hewa chafu. Kabale na Kisoro huwa nao miezi yote. Wakiso huuona Julai. Kuku anayekua haraka anahitaji oksijeni nyingi, na baridi humwongezea mahitaji wakati pazia lililofungwa linampunguzia hewa. Walio na tumbo hilo hawaponi. Kwa kundi linalofuata, endelea na joto la usiku mpaka siku ya 28, wape chakula cha unga badala ya chembe kati ya siku ya 7 na ya 21 ili wasikue kwa kasi mno, na uwape giza la saa sita.

Wanaokutwa alfajiri wamerundikana kwenye kona moja, bapa, bila alama ya ugonjwa, walibanana kwa baridi au kwa hofu. Ziba kona kwa mbao ziwe za mviringo na utafute upepo unaingilia wapi.

Dalili: wanakula vizuri, hawakui

Vifo ni vichache, maganda makavu, lakini chakula kwa kilo kimepanda kutoka 1.7 hadi 2 au zaidi. Angalia kwanza tarehe ya kufungua shehena mpya ya chakula. Mstari ukilala siku nne au tano baada ya hapo, umepata.

Mahindi: chupa kavu ya glasi, jaza theluthi mahindi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yataota ukungu ghalani. Salama ni 13.5 au chini. Mavuno ya Juni na Julai, na yale yanayovunwa mvua za Novemba zikiendelea, ndiyo ya kuhofia. Sumu ya ukungu huonekana kwenye ini: jeupe au la njano, lililovimba, linalovunjika kwa kidole. Kuku hao pia huvilia damu kirahisi, na chanjo haziwashiki vizuri, kwa hiyo Gumboro inayofuata hulaumiwa bure. Tupa mahindi yenye ukungu. Kuyachanganya na mazuri kunaharibu yote.

Mukene: wakati wa mvua hukaa ufukweni siku nyingi, huoza kidogo na kuokota mchanga. Tia gramu 100 kwenye ndoo ya maji, koroga, mimina polepole, kausha kilichobaki chini na ukipime. Gramu 15 za mchanga maana yake katika kila kilo 100 umenunua kilo 15 za ziwa. Waliohifadhiwa kwa chumvi huleta kinyesi cha majimaji na matandiko yaliyolowa, na hapo unarudi kwenye koksidiosi kwa mlango wa nyuma.

Soya ikikaangwa haraka kwa kuni mbichi haiivi. Itafune: ladha ya maharage mabichi ikibaki, kuku hawatameng'enya protini yake, hata kama lebo ya chakula inasema asilimia 22.

Kisha chakula kinachomwagika. Kikombe kilichojazwa hadi ukingoni hutawanywa kwa mdomo. Jaza theluthi moja, na upandishe vyombo pamoja na mgongo wa kuku.

Dalili: kukoroma na kupiga chafya

Pazia lililofungwa wakati wa mvua huleta amonia. Ukiisikia kwa pua ukisimama, kuku aliye chini anaipata zaidi. Kiangazi ni vumbi la maganda ya kahawa. Yapepete kabla ya kutandika, na yenye harufu ya ukungu usiyaingize, kwa sababu hujaza mapafu ya vifaranga vinundu vya manjano. Vifo vikipanda haraka na kukawa na shingo zilizopinda na kinyesi cha kijani, ni kideri: funga lango, mwite daktari wa mifugo wa wilaya, usiuze walio wazima sokoni. Desemba kreti za wachuuzi huzunguka mabanda mengi kwa siku moja. Zioshwe na kunyunyizwa dawa getini, au kuku watolewe nje kwa kreti zako.

Makundi ya sikukuu

Kuku wa Krismasi huingia takriban 12 Novemba, maana yake wanalelewa kwenye mvua na kumalizia kwenye joto. Wa Siku ya Mashahidi, 3 Juni, huingia karibu 20 Aprili, katikati ya masika. Yaani makundi mawili yenye bei nzuri ndiyo yanayoanza katika wiki mbaya kabisa za matandiko, na ndiyo ambayo mfugaji huyaongezea idadi: 700 badala ya 500 katika eneo lile lile. Maganda ya kahawa ya kundi la Aprili yanunuliwe Februari na yahifadhiwe juu ya mbao. Kama eneo ni mita za mraba 50, 500 ndiyo mwisho, bei iwe yoyote.

Mstari unaoshuka kama ngazi

Kila kundi hupungua pointi kumi au ishirini, bila kujali mwezi. Sababu huwa katika banda: mapumziko yameshuka chini ya siku 14 baada ya kuosha, matandiko ya zamani yamefunikwa na mapya, nyufa za sakafu zimejaa kinyesi. Au katika mabomba, ambayo ndani yana utelezi usioonekana. Fungua mwisho wa bomba, upitishe kidole. Au dawa ya koksidiosi ya aina moja imetumika ndani ya chakula mwaka mzima na vijidudu vimeizoea. Badilisha aina kila makundi matatu au manne. Ondoa matandiko yote, safisha kwa sabuni na maji kwanza kisha dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu. Ziba nyufa kwa saruji, paka chokaa, acha wazi juani. Vifaranga waingie siku ya 14 tangu sakafu ikauke, na hesabu ya siku isianze siku uliyouza kuku wa mwisho.